Mama mkwe hakukunyima jiko, alikuokolea mguu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 47, ninaishi Uyole, Mbeya. Miaka 6 iliyopita niligundulika na saratani ya mlango wa kizazi, nikatibiwa kwa mionzi na dripu pale Ocean Road, Dar es Salaam, nikapona. Miaka 2 iliyopita nikaambiwa nina kisukari na presha, na tangu hapo nyumba imenigeuka. Mume wangu amehamia chumba cha wavulana, na kila jioni anahesabu vidonge vyangu kama karani wa ghala. Mama yake, tunayeishi naye, ananipimia ugali, ananipikia chai isiyo na sukari mbele ya wageni, na Julai iliyopita, baridi ikiwa imekaza, aliondoa jiko la mkaa chumbani kwangu, eti nilishaungua mara moja. Dawa za sukari zilikuwa zinaniharisha, nikaziacha, sasa ninatumia mizizi niliyopewa na mama mmoja wa Tukuyu, na mara ya mwisho kupima sukari ilikuwa 14 tu. Kliniki ya kisukari sikuwaeleza habari za saratani kwa kuwa hayo yamepita. Mume nilimwambia zamani kwamba madaktari wamekataza tendo la ndoa, akakubali upesi, kumbe alikuwa amenichoka. Je, niende kwa dada yangu Dar es Salaam nipumzike na masimango? Niliyechoka, Uyole.*

Marahaba mwanangu, na pole. Safari ya basi ya zaidi ya kilomita 800 kwenda kutafuta mionzi, na wiki za kulala mbali na watoto, si jambo la kusimuliwa kwa sentensi moja kama ulivyofanya, na anayerudi kutoka huko akiwa hai ana haki ya kuchoka. Ipokee pole hiyo kwa mikono miwili, kwa maana yanayofuata hayana pole nyingi.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta yule adui unayemlalamikia, na kila mara nimekutana na mama mkwe anayekulinda. Tuanze na jiko. Umeandika kwa mkato kwamba uliungua mara moja, ukapita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Mtu mwenye hisia miguuni huuondoa mguu kabla ngozi haijaungua; anayeungua akiwa ameketi mwenyewe karibu na jiko, mara nyingi ni yule ambaye miguu imemfia ganzi. Dripu zinazotolewa pamoja na mionzi kwa saratani kama yako kwa kawaida ni za sisplatini, dawa ambayo huweza kuacha ganzi mikononi na miguuni kwa miaka, na kisukari kisichodhibitiwa huja kuumiza mishipa hiyo hiyo ya fahamu. Kidonda cha mguu wa mgonjwa wa kisukari hupona kwa shida, na wapo ambao walianza na lengelenge wakamaliza kwa kukatwa mguu. Tena mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Mama mkwe wako sijui alisoma hadi darasa la ngapi, lakini hilo aliliona kabla yako. Mwombe soksi za sufu na blanketi la pili, na kila usiku mtu mwenye macho mazuri akukague nyayo.

Sasa nije kwenye lile neno “tu”. Sukari ya 14 haina “tu”, mwanangu. Mtu mwenye kisukari kwa kawaida hulengwa awe kati ya 4 na 7 asubuhi kabla ya kula, na hata kama ulipima baada ya kushiba, 14 ni namba ya kumfanya mume ahesabu vidonge. Ulipoambiwa saratani uliogopa, ukaheshimu kila tarehe uliyopangiwa. Kisukari unakidharau kwa sababu hakikukupeleka mbali na nyumbani. Kwamba uliishinda saratani hakukupi msamaha kwa maradhi mengine. Mionzi ya nyonga katika umri wa miaka 41 huzimisha mifuko ya mayai na hedhi hukoma kabla ya wakati wake, na mwanamke ambaye hedhi imekoma mapema yuko katika hatari zaidi ya maradhi ya moyo na mifupa kuliko wenzake. Ukiongeza presha na sukari juu ya hapo, wewe ndiye wa mwisho kuruhusiwa uzembe.

Kuharisha ninakuamini, na hapo ndipo ulipokosea zaidi. Vidonge ambavyo wagonjwa wengi wa kisukari huanziwa, metformini, huwasumbua wengi tumbo, na mionzi ya nyonga nayo huweza kuacha utumbo mlegevu kwa miaka mingi. Daktari wa kisukari angejua kwamba utumbo wako ulishapigwa mionzi, angeweza kupunguza dozi, kubadilisha aina ya kidonge au kukupa dawa nyingine kabisa, lakini angejuaje ikiwa daftari la Ocean Road umelifungia sandukuni na kwenda kliniki na lile jipya peke yake? Hesabu mwenyewe wanaozigonga figo zako: sisplatini ya zamani, sukari, presha, na sasa mizizi ambayo hata aliyekupa hawezi kukuambia kipimo chake. Mficha maradhi kilio humuumbua, na usidhani wahenga walikuwa wakisema maradhi ya aibu peke yake.

Kwenye chai mama mkwe amekosea, na ninalisema hili ili usidhani nimenunuliwa. Mgonjwa hatengewi kikombe mbele za watu. Chai ya nyumba nzima ipikwe bila sukari, bakuli la sukari liwekwe mezani, kila mtu ajitilie atakacho, na mgeni hatajua nani anaumwa. Lakini kwenye ugali yuko sahihi, na ninakushuku kwamba ukipimiwa ugali unafidia kwa viazi na ndizi, maana ninawajua watu wa nyanda za juu: mtu husema ameacha wali wa Kyela huku amemaliza sahani ya viazi. Kwa sukari yako vyote hivyo ni ndugu. Ongeza maharage, mboga za majani na parachichi, ambalo kwenu halina bei ya kutisha.

Nimeliacha la mume mpaka hapa kwa sababu ndilo lililonikera. Ulimwambia madaktari wamekataza tendo la ndoa. Madaktari hawamkatazi mwanamke aliyemaliza mionzi maisha yake yote. Humtaka asubiri wiki kadhaa apone, kisha humfundisha namna ya kurudi taratibu, kwa kuwa mionzi huukausha na kuusinyaza uke na tendo linaweza kuuma sana. Mtu hatungi amri ya daktari bila sababu, kwa hiyo ninaamini liliuma, ukaona haya kusema. Mumeo akatii amri ambayo haikutolewa, akavumilia kwa miaka, mwishowe akahamia chumba cha watoto asije akakuumiza usingizini, nawe unaniandikia kwamba amekuchoka. Aliyekuchoka hahesabu vidonge vyako. Ndoa nyingi za siku hizi naona zinavunjika kwa jinsi hii hii: mke humweleza dada, mchungaji, na hata Shangazi asiyemjua kwa sura, huku aliyelala naye chini ya bati moja akilishwa uongo wa heshima. Mwambie ukweli leo usiku, taa ikizimwa kama unaona aibu. Kisha muulizeni muuguzi wa kliniki habari za kilainishi cha maji na kifaa cha kutanulia njia ya uke. Wanaulizwa kila siku na hawatakucheka. Ukiona damu baada ya tendo, au damu yoyote sasa ambapo hedhi imekoma, usisubiri, rudi hospitali.

Kwa dada yako nenda, lakini nenda kwa siku chache ukiwa na tarehe ya uchunguzi pale Ocean Road, maana kupona hakufuti uchunguzi wa kila mwaka. Usiende kujificha. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na dada wa Dar es Salaam hatakuwepo kukuondolea jiko.

Wiki hii nenda kliniki na madaftari yote mawili, umchukue na mume, umwonyeshe daktari na ile mizizi, kisha uombe kupimwa figo na kukaguliwa miguu. Ukirudi, mpelekee mama mkwe vitenge, usimweleze ni vya nini. Barua yako ya pili nitaisubiri; ianze na namba ya sukari ya asubuhi kabla hujanywa chai, halafu ndipo uniambie mumeo amelala chumba gani.