Maswali na majibu: tiba ya jeni ya selimundu, sindano ya miezi sita na mashine za "kwantamu"

Nusu ya maswali ya safari hii yanaanza kwa maneno yaleyale: "utafiti umeonyesha". Utafiti upi, kwa nani, kwa dozi gani, watu wangapi? Aliyekutumia habari hiyo kwa WhatsApp aulizwe hayo manne kabla hujabadilisha dawa wala kufungua pochi.

Binti yangu ana miaka tisa na ana selimundu. Nimesoma kwamba sasa inapona kwa kurekebisha jeni. Nianze kuchangisha fedha za kumpeleka nje? (Mama, Mwanza)

Habari ni ya kweli, mama. Tiba hiyo inaitwa Casgevy. Uingereza iliidhinisha Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Haigusi kosa la selimundu lenyewe. Inakata swichi inayoiwasha jeni ya BCL11A kwenye seli za damu, na jeni hiyo ndiyo inayozima himoglobini ya kichanga baada ya mtoto kuzaliwa. Swichi ikikatwa, himoglobini ya kichanga inarudi na chembe nyekundu hazijikunji. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha wakati wa idhini ya Marekani, 29 walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Sasa sikia njia yenyewe. Mgonjwa anadungwa dawa ya kutoa seli shina kwenye uloto wa mifupa ziingie damuni, kisha mashine inazichuja. Seli zisipotosha, zoezi linarudiwa. Kazi ya maabara inaweza kufika miezi sita. Zikirudi, anapewa busulfani, tibakemikali inayoua uloto wote wa zamani, ndipo seli mpya zinarudishwa. Hapo anakaa hospitalini wiki kadhaa kinga ikiwa chini kabisa, na busulfani inaweza kumwachia ugumba wa maisha. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, bado kitanda na madaktari.

Nami nakuuliza: binti anameza haidroksiyurea? Hilo ndilo linaloniuma kila nikipokea barua kama yako. Dawa hii nayo inapandisha himoglobini ya kichanga, na imepimwa kwa watoto wetu hasa. Utafiti wa REACH ulifuatilia watoto 606 huko Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Mashambulio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1, kuongezewa damu kutoka 43 hadi 14, na hata malaria ilipungua kwa nusu.

Kwa kawaida daktari huanza na miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Mtoto wa kilo 25 kwa miligramu 20 anapata 500, yaani kapsuli moja. Dozi hupandishwa taratibu huku picha kamili ya damu ikipimwa kila mwezi, baadaye kila miezi miwili au mitatu, kwa sababu dawa inaweza kushusha chembe nyeupe kupita kiasi. Zikishuka, daktari husimamisha kwa muda, kisha anarudi na dozi ndogo. Kinachoharibu mambo zaidi ni mzazi kuacha dawa baada ya wiki sita akisema haifanyi kazi. Ipe miezi mitatu hadi sita. Kapsuli isifunguliwe kwa mikono mitupu, hasa na mjamzito. Na mtoto wa selimundu akifikisha homa ya nyuzi 38.5 aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Fedha mtakazochangisha zianzie hapo: dawa ya kila siku, vipimo vya damu na bima ya afya.

Mimi na mume wangu wote ni AS. Mtoto wa kwanza ametoka SS. Watatu wanaofuata watakuwa salama, sivyo?

Sivyo. Swali hili limejibiwa hapa tena na tena. Kila mimba inaanza upya: robo SS (mgonjwa), nusu AS (mbebaji kama ninyi), robo AA (asiye nayo kabisa). Mimba haijui iliyotangulia ilitoka vipi. Pimeni wachumba kabla ya posa, na mtoto apimwe akiwa mchanga badala ya kusubiri mikono na miguu ivimbe.

Ile chanjo ya UKIMWI ya mara mbili kwa mwaka, nikidungwa naweza kuacha kondomu? (Dada, Kisumu)

Lenacapavir si chanjo. Chanjo inaufundisha mwili kujilinda wenyewe. Hii ni dawa ya PrEP, yaani kinga ya asiye na VVU, inayong'ang'ania ganda la kirusi kisiweze kujijenga, na inakulinda kwa muda inapokuwa mwilini tu. Ikiisha, ulinzi umeisha.

Matokeo yake ni makubwa kweli. Katika utafiti wa PURPOSE 1 uliowahusisha wasichana na wanawake vijana 5,338 wa Afrika Kusini na Uganda, kati ya 2,134 waliopewa sindano hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kwa wale wa vidonge vya kawaida vya kila siku waliambukizwa 16 kati ya 1,068. Vidonge si vibovu. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba wengi hawakuvimeza, na hilo ndilo pengo ambalo sindano inaliziba.

Utaratibu wa kuanza ndio huu. Kwanza kipimo cha VVU, bila mjadala. Siku ya kwanza unapata sindano mbili za mililita 1.5 chini ya ngozi ya tumbo au paja, pamoja na vidonge viwili vya miligramu 300. Siku ya pili unameza vingine viwili nyumbani. Usiviache mkobani: ndivyo vinavyofikisha dawa damuni haraka wakati ile ya sindano bado inatoka polepole. Pale ulipodungwa kinaweza kubaki kinundu kigumu kwa miezi. Usikikande wala kukitumbua, dawa imo humo. Kurudi ni wiki ya 26, wiki mbili mbele au nyuma.

Kosa kubwa ni kutoweka kimya kimya. Dawa inabaki kidogo kidogo mwilini kwa mwaka au zaidi, isivyotosha kukulinda, na ukiambukizwa katika kipindi hicho kirusi kinajifunza usugu. Ukitaka kuacha, mwambie mhudumu akupangie kinga nyingine. Ukiwa kwenye dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, sema mapema, maana rifampisini inaishusha lenacapavir. Kondomu ibaki: kaswende, kisonono na mimba havijui habari za lenacapavir.

Makubaliano ya Septemba 2025 yanalenga toleo la bei nafuu, dola 40 kwa mwaka, kuanzia 2027 katika nchi 120. Mtu anayekuuzia leo nje ya kliniki, mkimbie.

Mtoto wangu amemaliza chanjo zote nne za malaria. Neti naweza kumpa jirani?

Hapana. Hata pale chanjo ya malaria ya R21 ilipofanya vizuri zaidi, kwa watoto waliochanjwa kabla ya msimu wa mvua, ilizuia takriban robo tatu ya malaria kwa mwaka wa kwanza. Kwa robo iliyobaki bado unahitaji neti.

Ni kweli malaria ya huku haisikii tena dawa? Bibi anasema turudie chai ya pakanga. (Kijana, Bukoba)

Vimelea vyenye mabadiliko ya R561H kwenye jeni ya kelch13 vilionekana Rwanda kwanza, na sasa vipo Kagera, hasa Karagwe. Uganda ina mabadiliko yake, A675V na C469Y. Maana yake ni kwamba artemisinini, dawa ya malaria itokayo kwenye pakanga, inaviua polepole, hivyo siku ya tatu baadhi ya wagonjwa bado wana vimelea damuni. Dawa mseto ya ALu bado inaponya kwa sababu lumefantrini, mwenzake, inavimalizia vilivyobaki. Kwa hiyo kazi yako ni kuilinda lumefantrini.

Mtu mzima anameza vidonge vinne mara sita: dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha kila saa 12 hadi siku ya tatu iishe. Jumla ni vidonge 24. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa, karanga au chapati, kwani lumefantrini ikimezwa na chai ya rangi tupu sehemu kubwa haifiki damuni. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Kuweka akiba vidonge vinne "kwa homa nyingine" ndiyo shule ya usugu.

Bibi aheshimiwe, lakini chai ya pakanga inatoa artemisinini kidogo, isiyojulikana kiasi, tena bila mwenzake. Kimelea kinaonja dawa bila kufa. Shirika la Afya Duniani lilikataa matumizi hayo wazi mwaka 2019.

Utafiti umeonyesha manjano yanaua seli za saratani. Mama yangu ana saratani ya titi, nimpe vijiko vingapi?

Seli za saratani ndani ya kisahani cha maabara zinauawa na vitu vingi sana, chumvi na dawa ya kufulia zikiwemo. Swali ni kama dawa inafika kwenye uvimbe kwa kiwango kile kile.

Kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya unga wa manjano. Watu waliopewa gramu 8 za kurkumini tupu kwa siku, kurkumini katika damu yao ilifikia maikromola 1.8 hivi kwa lita, ilhali majaribio ya visahani kwa kawaida hutumia 5 hadi 50. Gramu 8 hizo kwa unga wa jikoni ni zaidi ya robo kilo kila siku. Hesabu imekataa kabla hatujafika kwa daktari.

Manjano ya kwenye pilau hayana neno. Vidonge vya manjano vilivyokolezwa vimewaumiza watu ini, na mama akiwa kwenye tibakemikali ini lake ndilo linalobeba mzigo. Daktari wake aambiwe kila anachomeza. Jambo jingine: Bangladesh ilikutwa na manjano yaliyotiwa kromati ya risasi, rangi yenye sumu, ili yang'ae. Nunua mizizi ambayo haijang'arishwa, usage mwenyewe.

Mombasa kuna mashine ya kwantamu. Unashika fimbo dakika moja, inakutolea hali ya figo, ini na hata mifupa. Ni ya kuaminika?

Si ya kuaminika hata kidogo. Kabla hujashika fimbo, programu inakuuliza umri, jinsia, urefu na uzito, na ripoti inategemea hayo. Mjaribu mwenye mashine: pima, kisha baada ya dakika kumi pima tena ukiwa umeongeza miaka thelathini na kubadili jinsia. Tazama pia ukurasa wa mwisho unavyokuelekeza kwenye virutubisho anavyouza yeye mwenyewe. Ubaya wake si hela tu. Mwenye figo inayokufa anaambiwa yuko salama, anarudi nyumbani. Figo inapimwa kwa kreatinini ya damu na protini ya mkojo, sukari kwa HbA1c (wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi), na vyote vipo kwenye maabara za kawaida.

Fizikia ya kwantamu hospitalini ipo, kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Mashine ile inasoma viini vya haidrojeni ndani ya sumaku ya tesla 1.5, ambayo nyaya zake za niobi na titani huzamishwa katika heliamu ya kimiminika kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri ili umeme upite bila ukinzani wowote.

Si Wakorea walipata nyenzo ya kupitisha umeme hivyo bila kupoozwa?

Walitangaza Julai 2023, wakaiita LK-99. Ndani yake kulikuwa na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo ikifika nyuzi 104 hivi hubadilika umbo na ukinzani wake kuruka ghafla, na mruko huo ndio uliowapotosha watu. Maabara ya Stuttgart ilipotengeneza fuwele safi ilipata kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Jambo limekwisha.

Umeme wa kuunganisha viini vya atomu (nyuklia) unakuja lini?

Bado safari ni ndefu. Tarehe 5 Desemba 2022 huko California, leza ziliingiza megajuli 2.05 kwenye kidonge cha mafuta zikapata 3.15, ambayo ni chini ya uniti moja ya umeme wa nyumbani. Kuziwasha leza hizo kulivuta takriban megajuli 300 kutoka gridi. Vichwa vingi vya habari viliiacha namba hiyo ya tatu.

Paneli mpya za sola za perovskaiti eti zina nguvu maradufu. Nisubiri, au ninunue hizi zilizopo? (Fundi, Tanga)

Nunua zilizopo. Rekodi ya kampuni ya LONGi ya China ya mwaka 2024, asilimia 34.6, ni ya seli ya perovskaiti juu ya silikoni yenye ukubwa wa ukucha. Paneli nzuri ya silikoni inatoa 20 hadi 23 na dhamana yake ya nguvu ni miaka 25. Perovskaiti inaharibiwa na unyevu, joto na mionzi ya urujuanimno, vitu ambavyo Tanga haina upungufu navyo, na ina madini ya risasi yanayoyeyuka kwenye maji ikipasuka.

Adui wako sasa hivi, fundi, ni lebo ya uongo. Chukua tepu. Jua kamili lina wati 1,000 kwa mita ya mraba, na paneli nyingi za dukani hazipiti asilimia 23 ya hizo. Paneli ya mita 1.2 kwa 0.54 ni mita za mraba 0.65, kwa hiyo kwa kawaida haivuki wati 150, hata lebo ikisema 300. Kisha ielekeze kwenye jua la saa sita lisilo na wingu na upime ampea za shoti ulinganishe na Isc ya lebo. Kwa paneli za wati 400 na zaidi tumia mita ya kubana ya DC: nyingi hutoa ampea 11 hadi 14 au hata zaidi, na mita ya kawaida ya ampea 10 itaunguza fyuzi.