Nyundo ya nguzo na ukuta wa matumbawe

Pole dada. Umeuliza kama kupigilia nguzo za ujenzi ardhini ufukweni hapo Bagamoyo kunaweza kuipasua nyumba ya bibi. Kunaweza. Nyumba zile za matumbawe zimeunganishwa kwa chokaa, si saruji, na kinachopasua si kelele unayoisikia bali mtetemo unaopita ardhini. Huo hupimwa kwa milimita kwa sekunde. Katika kanuni ya Ujerumani, DIN 4150, kikomo cha mtetemo kwa majengo ya kale huanzia milimita 3 tu kwa sekunde kwenye msingi. Mwulize mkandarasi kifaa chake cha kupima mtetemo kakiweka wapi. Kikiwa kambini kwake hakikusaidii, kinatakiwa kwenye msingi wa nyumba yenu.

Leo hii piga picha kila ufa, rula pembeni, tarehe ionekane. Kisha gandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa: kikivunjika, ufa unatembea, na ushahidi unao.

Nguzo zinaweza pia kuchimbiwa kwa mashine na kumwagiwa zege badala ya kugongwa. Ni ghali (ndiyo maana hatakutajia mwenyewe). Na kama kelele inamkatiza mtoto usingizi, dai ratiba ya kugonga. Kanuni za Tanzania za kelele na mitetemo zipo tangu 2015. Akikaidi, nenda NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, na zile picha.