Wakili Anajibu: Sabufa ya Mwanjelwa na kesi ya kuvunja nyumba usiku

SWALI: Mheshimiwa Wakili, mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 23, ni utingo wa fuso linalosafirisha viazi. Mwezi uliopita alifikishwa Mahakama ya Wilaya akishtakiwa kwa kuvunja nyumba usiku huko Ilomba na kuiba televisheni, mtungi wa gesi na redio ya sabufa. Sabufa ilikutwa chumbani kwake siku ya tisa baada ya tukio. Anasema aliinunua Mwanjelwa kwa mtu anayetembeza vifaa vilivyokwisha tumika, na hakupewa risiti. Jirani wa mlalamikaji naye anadai alimwona usiku huo akitoka na mzigo, ilhali mdogo wangu anasema alikuwa safarini Makambako. Mjomba wetu anashauri akiri kosa ili hakimu amhurumie na mambo yaishe. Je, akiri? Na wakili atafanya lipi ambalo yeye mwenyewe hawezi kulifanya, kwa kuwa fedha tuliyo nayo ni ya magunia machache tu ya viazi?
Dada, Uyole

JIBU: Dada yangu, nianze na ushauri wa mjomba, maana huo unaweza kuharibu shauri kabla hata halijaanza. Anayekiri husomewa maelezo ya kosa, akiyakubali anatiwa hatiani siku hiyo hiyo, na baada ya hapo, isipokuwa pale ambapo kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro, rufaa yake hubaki kwenye uhalali au ukubwa wa adhabu tu. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuvunja nyumba ya kuishi kwa nia ya kutenda kosa kuna adhabu inayoweza kufika miaka 14 gerezani, na kukitendeka usiku inaweza kufika miaka 20. Sisemi kwamba hakimu atampa miaka hiyo yote. Ninasema kwamba huo si mlango wa kuingia kwa kutegemea huruma. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu mshtakiwa na upande wa mashtaka kufikia makubaliano ya kukiri kosa, lakini njia hiyo ni ya mtu aliyetenda kweli, tena akiwa na wakili wa kumweleza anachokitia saini.

Sasa tutazame kesi yenyewe. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inatakiwa kuthibitisha, bila kuacha shaka ya msingi, kwamba nyumba ilivunjwa na kuingiwa usiku, kwamba aliyeingia alikuwa na nia ya kutenda kosa, na kwamba mtu huyo ni mdogo wako. Msipoteze nguvu kwenye suala la kuvunja, kwa sababu kisheria si lazima kitasa kiharibiwe. Hata kusukuma mlango uliorudishiwa tu na kuingia ni kuvunja. Mzigo wote wa kesi hii uko kwenye swali moja: je, ni yeye? Na jibu la Jamhuri linaning'inia kwenye kamba mbili, jirani na sabufa.

Kamba ya jirani ndiyo dhaifu zaidi. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, la mwaka 1980, ambalo kila wakili wa jinai nchini analijua kama jina lake, Mahakama ya Rufani ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu, na kwamba hautegemewi mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Kwa hiyo wakili atamhoji jirani huyo kwa utulivu: alisimama umbali gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, alimtazama kwa muda gani, je, alimfahamu kabla ya siku hiyo, na kulikuwa na kitu chochote kilichoziba kati yao. Kisha litakuja swali ambalo mimi ningelianza nalo: ikiwa alimtambua usiku ule, alimtaja kwa nani, na lini? Shahidi anayemjua mtuhumiwa humtaja mapema iwezekanavyo. Kama jina la mdogo wako halikutajwa hadi sabufa ilipopatikana siku ya tisa, kimya hicho kinahitaji maelezo. Na kama jirani hakumfahamu kabla, mtataka kujua ikiwa gwaride la utambulisho lilifanyika, yaani shahidi kutakiwa kumchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari.

Kamba ya sabufa ni nene, na hapa ndipo ninapotofautiana na familia nyingi zinazokuja ofisini zikiwa na hoja moja tu, kwamba kijana wao hakuwapo. Mahakama zetu hufuata kanuni kwamba mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa karibuni, asipotoa maelezo yanayokubalika, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwizi, au kuwa aliipokea akijua ni ya wizi. Na kupokea huko nako ni kosa, lenye adhabu inayoweza kufika miaka 10. Hata mkithibitisha safari ya Makambako kwa mashahidi kumi, sabufa bado itakuwa imekaa mezani pa hakimu ikisubiri kuelezwa.

Hata hivyo, ili kanuni hiyo itumike, ni lazima ionekane kwamba mali ilikutwa kwa mshtakiwa kweli, kwamba ni ya mlalamikaji bila utata, kwamba iliibwa kwake karibuni, na kwamba ndiyo hiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Sabufa za aina moja zimejaa kila duka la vifaa vya umeme. Mlalamikaji alitaja alama gani ya pekee kabla ya kuonyeshwa kitu chenyewe? Kusema tu “hii ni yangu” baada ya kuiona kituoni hakutoshi. Wakili atauliza pia upekuzi ulifanyikaje: polisi walikuwa na hati, mashahidi walikuwapo, orodha ya vitu vilivyochukuliwa ilitiwa saini na nani, na sabufa ilihifadhiwa wapi hadi ilipofika mahakamani.

Mdogo wako halazimiki kuthibitisha kwamba aliinunua. Inatosha maelezo yake yawe ya kuaminika kiasi cha kuzaa shaka. Lakini maelezo yanayotolewa mapema na yasiyobadilika ndiyo yenye uzito; yakisikika kwa mara ya kwanza siku ya kujitetea, hakimu ana haki ya kujiuliza yalikuwa wapi muda wote huo. Mtafuteni aliyekuwa naye siku ya kununua. Tazameni kama alilipa kwa simu, kwa sababu muamala hubaki. Na mwulizeni bei bila kumwonea haya: mtu anayenunua sabufa nzima kwa bei ya sahani chache za chipsi atapata tabu kusema hakushtuka.

Kuhusu safari, sheria inataka mshtakiwa anayedai kwamba alikuwa mahali pengine atoe taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au walau aeleze undani wake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi; asipofanya hivyo, mahakama inaweza kutoupa utetezi huo uzito wowote. Tiketi ya mizani ya Makambako itaonyesha kwamba gari lilipita na saa lililopita, lakini haitaonyesha nani aliketi kiti cha utingo. Dereva na mwenye mzigo ndio watakaoijaza nafasi hiyo.

Umeuliza wakili atafanya lipi. Pamoja na kuhoji mashahidi, liko jambo moja ambalo mshtakiwa asiye na wakili hulikosa karibu kila mara, nalo ni pingamizi dhidi ya maelezo ya onyo aliyoandikisha polisi. Kisheria mahojiano hayo yanapaswa kufanyika ndani ya saa 4 tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, isipokuwa muda uwe umeongezwa kihalali, na maelezo hayo yasitokane na kipigo wala vitisho. Pingamizi linatolewa pale shahidi anapoomba maelezo yapokelewe kama kielelezo. Nimeona vijana waliokaa kimya wakati huo, kisha wakaja kulalamika kwenye utetezi kwamba walipigwa. Kielelezo kilikuwa kimekwisha ingia. Wakili ataomba pia mahakama iamue kwamba hakuna kesi ya kujibu, endapo ushahidi wa Jamhuri haujitoshelezi.

Kosa hili lina dhamana. Ikiwa bado yuko mahabusu, andaeni wadhamini wenye barua za mtendaji wa mtaa na vitambulisho, wala msimpe mtu “chai” ya dhamana, kwa kuwa dhamana ni haki na haiuzwi. Kama fedha haitoshi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaruhusu mahakama kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada pale haki inapodai hivyo. Aombe mbele ya hakimu mwenyewe. Wasaidizi wa kisheria walioko kwenye kata watawaelekeza vizuri, ila hawaruhusiwi kumwakilisha mahakamani. Na yeyote anayejiita wakili mlangoni pa mahakama, hakikini kwanza jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Vishoka wanajua kuvaa suti.

SWALI: Wakili, kaka yangu anashtakiwa kwa kuvunja ghala la mbao. Anaogopa kumweleza wakili wake kila kitu, asije akapeleka habari polisi. Afanyeje?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Amweleze yote. Sheria ya Ushahidi inamkataza wakili kufichua aliyoambiwa na mteja wake katika kazi hiyo bila ridhaa ya mteja, na katazo hilo linaendelea hata kazi ikiisha. Halimlindi mteja anayeomba msaada wa kutenda uhalifu mpya, kwa mfano kumtengeneza shahidi wa uongo. Akikiri kwa wakili kwamba aliingia ghalani, wakili bado anaweza kuitaka Jamhuri ithibitishe kila kipengele cha shtaka na kuupima ushahidi wake. Asichoweza ni kumsimamisha kizimbani ili aape kwamba usiku huo alikuwa Iringa.