Blanketi la Flisi la Mtoto Mchanga: Tabaka Moja Linatosha

Ukijifungua Mbeya kati ya Juni na Agosti, utaletewa mablanketi mpaka ukose pa kuyaweka. Mengi ni mazito, yana manyoya marefu na maua makubwa, na kwa kweli yanamfaa mtu mzima kitandani kuliko mtoto wa wiki tatu. Mimi nikienda kumwona mzazi napeleka blanketi la flisi nililolishona mwenyewe, tabaka moja tu, halina urembo wowote. Wazazi huwa wananiambia baadaye kwamba hilo ndilo lililoshinda mkononi, yale mengine yako juu ya kabati. Basi mama kijacho, shangazi, bibi mtarajiwa, karibuni niwaeleze, maana kazi yenyewe inataka mkasi mkali na sindano, basi.

Flisi ni kile kitambaa laini chenye vinyoya vifupi pande zote mbili, kile cha majaketi ya baridi. Ni poliyesta, yaani plastiki ileile ya chupa za maji iliyovutwa ikawa nyuzi. Flisi ya leo ilitoka kwenye kiwanda cha Malden Mills huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, na sifa zilizoipa jina ndizo zinazomfaa mwenye mtoto: ni nyepesi, inatunza joto, na inakauka upesi hata siku ya manyunyu. Nyuzi zake zimeshikana kwa vitanzi vidogo kama sweta, kwa hiyo ukiikata haifumuki. Asiye na cherehani hana sababu ya kuiogopa.

Kitambaa cha kupimiwa dukani mara nyingi kina upana wa sentimita 150 hivi. Nunua mita moja, kigawe katikati ya upana, unapata mablanketi mawili ya sentimita 75 kwa 100, moja la kuvaa na moja la kufua. Ukubwa huo unamfunika kichanga akiwa mapajani na bado unakunjika ukaingia kwenye mkoba wa kliniki. Kubwa zaidi ya hapo linaburuzika chini na kukukanyagisha ukiwa umembeba.

Mimi hupenda zaidi mitumba ya Mwanjelwa, soko letu la hapa Mbeya. Belo likifunguliwa unakuta mablanketi mapana ya flisi nzuri kuliko ya dukani, lakini uwe na macho. Sugua kipande kwenye nguo nyeusi: kikiacha vinyoya, kirudishe, kwa sababu manyoya yanayonyonyoka yataishia mdomoni na puani kwa mtoto. Kisha livute kidogo kwa upana na uliachie; flisi nzima inarudi mahali pake, iliyochoka inabaki imelegea. Lenye vipunjepunje vilivyojiviringa juu yake limeshafuliwa sana, ila kama bado ni laini si baya. Nyumbani chomoa vinyuzi viwili vitatu, toka nje, uvishike kwa koleo na uviwashe kwa kiberiti. Poliyesta inayeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Sufu ingenuka kama nywele zilizoungua. Nataka kila mama afanye jaribio hilo walau mara moja, aone kwa macho yake jinsi kitambaa hiki kinavyoyeyuka. Kikishika moto kinaganda kwenye ngozi. Blanketi hili lisisogelee jiko la mkaa hata kidogo. Na jiko lenyewe lisiingie chumba cha kulala kilichofungwa, baridi iwe kali namna gani: mkaa unatoa gesi yenye sumu ambayo haina harufu, na kila msimu wa baridi inaua watu usingizini.

Lifue kwanza, liwe jipya au la mtumba, ndipo ukate. Lilaze mezani bila kulivuta, punguza ule ukingo mgumu wa kiwandani, pima kwa futikamba na uchore kwa chaki ya fundi. Pembe nazizungushia kwa kufuatisha sahani, kwa sababu pembe ya mviringo inashoneka kirahisi kuliko iliyochongoka. Kata kwa mikato mirefu. Mkasi wa kudonoadonoa unaacha meno ukingoni. Kama hujui upande upi ni wa juu, vuta ukingo uliokatwa kwa upana: kitambaa kitajikunja kuelekea upande wa ndani.

Hapo tayari una blanketi. Ukilipeleka hivyohivyo hakuna ubaya. Ila mimi huzungushia uzi kwa mkono, kwani ndiyo kazi ninayoipenda jioni, na ukingo unakuwa imara zaidi. Chukua uzi mnene wa pamba na sindano yenye tundu kubwa. Ficha fundo la kwanza ndani ya vinyoya. Choma sindano sentimita moja kutoka ukingoni, ipitishe ndani ya kitanzi cha uzi kabla hujakaza, kisha sogea sentimita moja na urudie. Mkono uwe mwepesi. Ukikaza sana ukingo unajikusanya kama jani la kabichi na huwezi kuunyoosha tena, maana flisi haipigwi pasi. Mwisho wa uzi upitishe chini ya mishono mitano sita kisha ukate, usiache mkia wowote. Wenye cherehani watumie zigizaga, mshono mrefu wa milimita tatu au nne na sindano yenye ncha ya mviringo, na wasivute kitambaa. Mashine iachwe ikivute yenyewe.

Siku hizi kuna yale mablanketi ya mafundo: tabaka mbili, kingo zinakatwa vijiti vya sentimita 10, kisha vinafungwa viwili viwili kuzunguka pande zote. Yanapendeza, na watoto wakubwa wanafurahia kuyafunga wenyewe. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja siyapendekezi. Mtoto ananyonya kila kinachofika mdomoni, na vidole vyake vinanasa kwenye kila kilichoning'inia. Kwa sababu hiyohiyo sishoni vifungo, riboni wala vishada.

Nakutana pia na wanaotaka lichanganywe, flisi ndani na shuka ya Kimasai nje. Ni zuri sana, la mtoto wa miaka miwili garini kwenda Makete. Kwa kichanga ni zito, na ubaya wa blanketi zito ni kwamba huwezi kulipunguza. La tabaka moja ukiona baridi imezidi unalikunja mara mbili, jua likitoka unalikunjua. Ndani yake tanguliza kanga. Flisi hainyonyi jasho, kanga ya pamba inanyonya, na ngozi ya mtoto inabaki kavu. Usimpime joto kwa viganja au nyayo, hizo kwa kichanga huwa za baridi hata akiwa sawa; ingiza vidole viwili nyuma ya shingo yake. Pakiwa na unyevu, mpunguzie nguo, hata kama mama mkwe anasisitiza aongezewe. Na ukimfunga, miguu iachwe na nafasi ya kukunjuka kama chura, kwa usalama wa nyonga zake.

Kuna hili la kulala, na hapa sina mzaha. Blanketi hili ni la mtoto aliye machoni pa mtu: mapajani, juu ya mbeleko, kwenye bajaji, kliniki, baada ya kuoga. Kama mtoto amezaliwa njiti na mmeelekezwa kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, litandaze mgongoni kwake, uso ukiwa wazi. Lakini akilazwa usiku, alale chali, avalishwe nguo za kutosha, na blanketi legevu liwekwe kando mpaka atimize mwaka. Ndivyo wanavyoshauri madaktari wa watoto, kwa sababu kichanga hana nguvu ya kuondoa kitu kilichomfunika pua. Ukienda kumpa mzazi zawadi hii, mwambie na hilo, tena mbele ya wanaomsaidia kulea.

Kulifua ni rahisi: maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Dawa ya kulainishia nguo usitie, inafunika vinyoya na kuvifanya vilale. Likichoka, usilitupe. Likate vipande vya sentimita 12 kwa 30 uvitandike juu ya nepi ya pamba, upande wa ngozi ya mtoto. Mkojo unapita kwenye flisi na kuingia kwenye pamba, na makalio ya mtoto hayashindi yamelowa.