Maswali na majibu: tochi, kamera na picha ya mtoto

Tangu niandike kuhusu midahalo ya kamera za barabarani, maswali yamemiminika. Nusu yake ni lile lile moja: kamera zinapunguza ajali kweli? Haya hapa machache.

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, Tabora. Tunatetea mada kwamba kamera za mwendo zifungwe barabara kuu zote. Nianze na hisia au takwimu?*

Marahaba. Anza na barabara. Kila anayeniandikia anafungua na watu milioni 1.19 wanaokufa kwa ajali duniani kila mwaka. Ni takwimu ya Shirika la Afya Duniani, haina kasoro, na majaji husinzia nayo vizuri sana. Jaji wako hakai duniani, anakaa Tabora. Mpe kijiji anachokijua: kibao cha 50, watoto wamejipanga kuvuka, basi limeingia na 90. Akishatulia kwenye kiti, mpe hesabu: mwendo wa wastani ukipanda asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda takriban asilimia 4. Hesabu hiyo ikitangulia kisa, itapita juu ya vichwa.

Halafu jambo ambalo hukuniuliza. Kiri mwenyewe kinachouma upande wenu kabla wapinzani hawajakitaja. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2005 kuhusu kamera za taa nyekundu, zile zinazonasa wanaopita taa ikiwa nyekundu, ulikuta ajali za kugongwa ubavuni zimepungua karibu asilimia 25, na za kugongwa nyuma zimeongezeka karibu asilimia 15, maana watu hufunga breki ghafla wakiikumbuka kamera. Sema hivyo, kisha uliza ukumbi ni ipi kati ya hizo mbili inayoua zaidi. Mtu anayekiri huaminiwa. Na tafadhali, usijifanye mhandisi.

*Kuonyesha picha ya mtoto aliyegongwa ni hoja au ni ulaghai?*

Inategemea picha imepewa kazi gani. Ikinifanya nisikilize, sawa. Ikiletwa ili nisiulize, hapo tunagombana.

Tazama jiji la Chicago, Marekani. Kamera za mwendo zilianza huko mwaka 2013, zikafungwa karibu na shule na bustani za umma kwa jina la "maeneo ya usalama wa watoto". Nani atasimama barazani apinge usalama wa watoto? Lakini kamera za bustani hupiga mpaka saa tano usiku, siku saba za wiki. Mtoto gani anabembea saa nne na nusu usiku? Kisha mwaka 2021 kiwango cha kuanzia faini kikashushwa: ukizidisha maili 6 tu kwa saa, dola 35. Badiliko hilo liliingia kupitia bajeti ya jiji. Inawezekana lilikuwa jema kwa usalama, sibishi. Ila hoja ya mtoto ikipitia mlango wa hazina, usishangae watu wakimkagua huyo mtoto.

*Kwani kamera zinapunguza ajali kweli? Jibu ndiyo au hapana.*

Limekuja tena! Ndiyo. Uchambuzi wa mwaka 2010 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za afya, ulikusanya tafiti 35 na kukuta ajali karibu na kamera zilipungua kati ya asilimia 8 na 49. Sasa angalia upana huo. Mtetezi mvivu hubeba 49 peke yake.

Angalia pia maneno "karibu na kamera". Juzi nilikuwa kwenye basi nikitoka Dodoma. Lori lililokuja mbele likatuwashia taa mara mbili. Dereva wetu akanyanyua mguu bila kukatisha maongezi na konda. Kibao cha 50, mwembe, chini ya mwembe trafiki na tochi yake ya kupimia mwendo. Tukapita kwa adabu kama msafara wa harusi. Kibao cha kumaliza 50 hakijafika dirishani kwangu, mzee akakanyaga. Ukipima pale mwembeni, sote ni watakatifu. Kwa hiyo uliza takwimu imepimwa wapi. Uliza na lini, kwa sababu kamera hufungwa baada ya mwaka mbaya, na mwaka mbaya mara nyingi hufuatwa na wa kawaida hata usipofunga kitu. Tafiti makini huling'amua hilo, wanasiasa hawana habari nalo.

*"Asiye na kosa haogopi kamera." Si inatosha kumaliza mjadala?*

Hicho ni kitisho, kimevishwa kanzu tu.

*Mwalimu, acha kuzunguka. Kamera ni mradi wa kukamua hela, basi.*

Hata ingekuwa hivyo, kukamua hela hakuthibitishi kwamba hazizuii ajali. Ni mambo mawili, na mnayachanganya kila wiki.

Lakini sikuiti mzushi. Chicago hiyo hiyo, John Bills, ofisa wa jiji aliyesimamia mkataba wa kamera za taa nyekundu, alihukumiwa miaka 10 jela mwaka 2016 kwa kula rushwa ya kampuni iliyozifunga. Mwaka 2014 mkaguzi wa jiji alikuta faini kama 77,000 zimetolewa kwenye taa ya njano iliyowaka chini kidogo ya sekunde 3 zinazotakiwa. Kila faini dola 100, piga hesabu mwenyewe. Anayekuja kututetea kamera aje na mkataba mkononi: kampuni inalipwa kwa mwezi au kwa kila faini? Akianza kukohoa, umepata jibu.

*Naomba jina la programu ya simu inayoonya kuna tochi mbele.*

Endesha 50. Na ukipata ujumbe wa faini wenye kiungo cha kulipia, usibofye. Kaangalie deni la gari mwenyewe kwenye mfumo rasmi.

*Mheshimiwa wetu anahubiri kamera huku gari lake linatupita kama upepo. Hoja yake si imekufa?*

Yeye ndiye amekufa, hoja ipo. Hata kamera za mwendo za Gatso, zilizotapakaa Ulaya, zilibuniwa na Maurits Gatsonides, Mholanzi dereva wa mbio za magari aliyeshinda Monte Carlo mwaka 1953. Alikitengeneza chombo chake ajipime kwenye kona, apate kwenda kasi zaidi.