Kuogelea Hombolo na Mtera: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama likizo hii unaweza kuwapeleka watoto kuogelea Hombolo, kwa kuwa kijijini kwenu si mbali na hapo. Kwenda nendeni, ila kuingia majini, mimi nisingewaruhusu.

Hombolo ni bwawa la huko Dodoma lililojengwa enzi za mkoloni, maji yaliyotulia, pembeni matete na tope. Hapo ndipo konokono wanaoeneza kichocho wanapopenda. Vijidudu vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi ndani ya dakika chache tu, hata kwa mtoto aliyesimama maji ya magotini akirusha mawe. Hauoni kitu, labda muwasho kidogo, halafu baadaye anakojoa damu. Watu watakwambia "sisi tumekulia humu". Sawa, waulize wangapi wamemeza praziquantel, dawa ya kichocho. Kama wako walishaingia, wapeleke wakapimwe. Dawa ipo na inatibu.

Bwawa la Mtera ndiyo kabisa, usithubutu. Kuna mamba na viboko. Pale simama barabara ya Iringa, nunua samaki wa kukaanga, angalia maji ukiwa juu, endelea na safari.

Kama una nauli ya kutosha, Singida kuna Singidani na Kindai, maziwa ya chumvi kando ya mji, na miamba ambayo watoto wataikwea mpaka wachoke. Ukibahatika utakuta flamingo.

Wakililia kuogelea tu, lipia bwawa la hoteli hapo Dodoma mjini, lenye maji yenye klorini na mtu wa kuwaangalia.