Kumfungia mtu chumbani ili deni lilipwe

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Kaka yangu alikuwa anamdai mtu. Ahadi zilipozidi, akamshika mdogo wake yule mdaiwa, kijana wa sekondari, akamfungia stoo siku mbili mpaka mama yao akaleta pesa. Hakumpiga, na chakula nilikuwa nampelekea mimi. Kaka anasema amechukua haki yake tu. Je, ana dhambi? Na dini inamwadhibu vipi?

JIBU: Waalaykum salaam. Ana dhambi, tena kubwa. Aliyekopa ni mwingine, na Allah amesema mbebaji habebi mzigo wa mwenzake (Al-An'am 164). Rehani huwa ni mali. Mtu huru si mali, hawekwi rehani hata saa moja. Hata mdaiwa mwenyewe, akiwa anacho na anakaidi, kumfunga ni kazi ya kadhi. Akiwa hana, hupewa muda mpaka apate (Al-Baqara 280).

Hicho chakula kisikutulize sana. Mtume (s.a.w.) alitaja mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Kweli, chakula kimemwepusha kaka na zito zaidi, kwani mafaqihi (wanazuoni wa sheria ya Kiislamu) wengi wanasema anayemfungia mtu na kumnyima chakula na maji mpaka akafa hulipizwa kisasi kama muuaji. Lakini kufuli lilibaki pale pale. Masahaba walipokuwa safarini, mmoja alilala, mwenzake akamchukulia kamba, akashtuka kwa hofu. Mtume akasema si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu (Abu Daud). Kamba tu hiyo; huyu kijana kalala stoo.

Kuhusu adhabu, watekaji wa silaha wanaotisha watu huhukumiwa kwa aya ya hiraba, yaani unyang'anyi wa kutisha watu (Al-Maida 33): kuuawa, kusulubiwa, kukatwa mkono na mguu wa upande mwingine, au kutolewa katika nchi. Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imam Malik, huingiza humo hata watekaji wa mjini na wanaotumia hila. La kaka yako naliona ni taazir, yaani adhabu anayoikadiria hakimu kwa uzito wa kosa, kifungo kikiwemo. Na sheria za nchi zipo pia. Kijana akishtaki, kaka asijifiche.

Sasa pesa. Mama hakuwa mdhamini wa deni. Alitoa kwa sababu mwanawe amefungiwa, hivyo zimechukuliwa kwa kulazimishwa. Zirudishwe kwake, na deni lidaiwe kwa mwenyewe. Najua kaka hatapenda kusikia hili.

Toba yake haitimii kwa istighfari, yaani kumwomba Allah msamaha, peke yake. Haki hii ni ya kijana: amfuate yeye, si kaka yake wala wazee wa ukoo, amwombe msamaha, na kijana ana hiari kukubali au kukataa.

Nawe ulikuwa unaingia na kutoka mle stoo na sahani, ukifunga mlango nyuma yako. Allah amekataza kusaidiana katika dhambi na uadui (Al-Maida 2). Mtakapokwenda kwa kijana, nenda na ombi lako la msamaha.

Wallahu aalam.